Mkataba wa Milimita Mbili na Nusu: Historia Fupi ya Direila na Kaseti

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata. Tunazungumza juu ya gia za baiskeli. Lakini wanaprogramu wenzangu msiondoke, kwa maana tukifika mwisho mtaona kwamba hatukutoka mbali na kazi yetu ya kila siku.

Swali lenyewe ni hili. Una baiskeli yenye gia, na unataka kuibadilishia kaseti ya nyuma uweke yenye sproketi kubwa zaidi, ili upande mlima bila kushuka na kusukuma. Je, direila uliyo nayo itaikubali? Ukiuliza mafundi watatu utapata majibu matatu. Ukiuliza mtandao utapata thelathini. Fujo hii ina chanzo chake, na chanzo hicho kina tarehe.

Kwanza tuelewane kwa majina

Kaseti ni lile fungu la sproketi kwenye gurudumu la nyuma. Ikiandikwa 11-28, sproketi ndogo kabisa ina meno 11 na kubwa kabisa ina meno 28. Direila ya nyuma ni kile kifaa kinachoning'inia chini ya kaseti, chenye kapi mbili ndogo na springi. Kina kazi mbili: kuusukuma mnyororo kutoka sproketi moja hadi nyingine, na kuukaza usilegee. Leva ni ile unayoisukuma kwa kidole. Leva huvuta kebo, kebo huvuta direila, direila husogeza mnyororo.

Sasa mwanaprogramu atauliza: katika mlolongo huo, ni nani anayejua sproketi inayofuata iko umbali gani? Shikilia swali hilo. Historia yote ya direila ni historia ya jibu lake kuhama kutoka mahali hadi mahali.

Zama za mkono

Mfaransa Paul de Vivie, aliyejulikana zaidi kama Vélocio, alikuwa akiwahubiria watu gia kutoka mji wa Saint-Étienne, kupitia jarida lake Le Cycliste, tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mfaransa mwenzake Henri Desgrange, aliyeanzisha mashindano ya Tour de France mwaka 1903, hakutaka kusikia habari hizo. Yeye aliona gia ni za watu waliozeeka, na mshindani wa kweli apande mlima kwa nguvu za miguu yake. Kwa hiyo kwa miaka mingi washindani wa Tour walifunga sproketi upande wa kulia na wa kushoto wa gurudumu la nyuma. Wakifika chini ya mlima walishuka, wakafungua gurudumu, wakaligeuza, wakalifunga, wakaendelea. Direila ziliruhusiwa mwaka 1937, mwaka mmoja baada ya Desgrange kuacha kuyaongoza mashindano hayo, na Roger Lapébie akashinda mwaka huo huo akiitumia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Campagnolo ya Italia ilitoa Gran Sport, direila yenye umbo la msambamba linalovutwa na kebo. Wazo la msambamba lilikuwepo Ufaransa tangu kabla ya vita, lakini ni Gran Sport iliyowafanya wengine wote waige. Direila nyingi unazoziona barabarani leo ni wajukuu wake.

Leva za zama hizo zilikuwa za msuguano. Hazikuwa na vituo. Ulivuta mpaka ukahisi mnyororo umepanda, halafu ukarekebisha kidogo kwa kusikiliza. Ukisikia kelele, hujafika au umepitiliza. Yaani aliyejua sproketi iko wapi alikuwa wewe mwenyewe, kwa sikio na kidole. Direila haikujua chochote, na kwa sababu hiyo haikujali ni kaseti ya nani.

Ilibaki mipaka miwili tu, na mipaka hiyo ipo mpaka leo, kwa hiyo tuihesabu vizuri.

Mpaka wa kwanza ni sproketi kubwa. Kila direila ina kikomo cha meno. Ukikipita, kapi ya juu hugonga sproketi yenyewe. Ipo skrubu ya kuisogeza direila mbali kidogo, na mafundi wengi huiba meno mawili matatu kwa njia hiyo, lakini haifanyi miujiza.

Mpaka wa pili ni uwezo wa kumeza mnyororo uliolegea. Hesabu yake ni ya shule ya msingi: chukua tofauti ya meno kwenye kaseti, ujumlishe na tofauti ya meno kwenye gia za mbele. Kaseti ya 11-34 ina tofauti ya 23. Gia za mbele za 44, 32 na 22 zina tofauti ya 22. Jumla ni 45. Ndiyo maana direila za mlimani za Shimano zenye mkono mrefu, za wakati wa kaseti za 11-34, ziliandikiwa uwezo wa meno 45. Wahandisi walianza na kaseti na gia za mbele, wakaja kwenye mkono.

SunTour na mteremko wa direila

Mwaka 1964 kampuni ya Kijapani ya Maeda, iliyouza vifaa vyake kwa jina la SunTour, ilifanya jambo ambalo likisimuliwa linaonekana dogo. Mhandisi wake Nobuo Ozaki aliulaza msambamba. Badala ya kapi ya juu kusogea kwa mlalo tu, ilisogea ndani huku ikishuka, ikiufuata mteremko wa kaseti. Umbali kati ya kapi na sproketi ukabaki karibu sawa katika kila gia, na mnyororo ukaanza kupanda na kushuka kwa usahihi ambao wengine hawakuwa nao.

Lakini angalia kilichotokea hapo. Pembe ya mteremko lazima ichaguliwe. Ukiichagua kwa kaseti ndogo, basi direila hiyo inaikisia kaseti ndogo. Kwa mara ya kwanza umbo la kaseti limeandikwa ndani ya direila. Mwanaprogramu anaitambua hali hii: ni thamani iliyokazwa ndani ya kodi, wakati ilipaswa kuwa kigezo kinachobadilika.

SunTour walikuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi huo kwa muda fulani. Muda huo uliisha mwaka 1984.

1984: leva yaanza kuhesabu

Mwaka huo huo Shimano, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1921 katika mji wa Sakai, ilitoa kundi la vifaa la Dura-Ace 7400. Direila yake ililaza msambamba kama ya SunTour. Jambo kubwa zaidi lilikuwa kwenye leva: sasa ilikuwa na vituo. Unasukuma, inasema "tik", gia imeingia. Waliuita mfumo huo SIS.

Shimano walikuwa wameshajaribu vituo katika miaka ya 1970, kwa mfumo ulioitwa Positron, wa baiskeli za bei nafuu. Huko vituo vilikaa ndani ya direila yenyewe. Mwaka 1984 walivihamishia kwenye leva, na uamuzi huo ndio tunaoishi nao.

Maana yake ni hii. Leva inavuta kebo kiasi kile kile kwa kila "tik". Direila inazidisha kiasi hicho kwa uwiano wake. Jibu lazima lilingane na umbali kati ya sproketi mbili. Ni mlinganyo mmoja:

mvuto wa kebo x uwiano wa direila = nafasi kati ya sproketi

Tuweke namba. Kwa gia 8 za Shimano, leva huvuta karibu milimita 2.8 kwa kituo. Uwiano wa direila ni karibu 1.7. Zidisha, unapata karibu 4.8, na hiyo ndiyo nafasi kati ya sproketi za kaseti ya 8. Kwa gia 9, leva huvuta karibu 2.5, na nafasi ni karibu 4.35. Kwa gia 10 za barabarani, karibu 2.3, na nafasi ni 3.95. Milimita nusu ikikosekana, mnyororo unakaa katikati ya sproketi mbili ukilia kama paka.

Mlinganyo huu ndio mkataba. Haukuandikwa kwenye boksi. Mnunuzi aliambiwa tu kwamba anunue vyote vya Shimano, tena vya kundi moja, na mambo yatakuwa sawa. Hata ndani ya Shimano penyewe hapakuwa na umoja: direila za Dura-Ace za kuanzia 1984 hadi 1996 zilikuwa na uwiano wa peke yake, kwa hiyo hazikuelewana na leva za makundi mengine ya kampuni ile ile.

Soko liliupenda mfumo, na kwa haki. Mtu aliyekuwa anaogopa gia sasa aliweza kubadilisha bila kujifunza. SunTour walijibu na mfumo wao wa vituo, lakini walikuwa wamechelewa, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 waliokuwa wamemfundisha kila mtu kulaza msambamba walikuwa wametoweka kwenye soko la direila. Jina limebaki kwa SR Suntour, ambao leo wanajulikana zaidi kwa shokabsoba za mbele.

Swichi ndogo iliyopotea

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka mlikumbuke. Leva nyingi za vituo za miaka ya 1980 zilikuwa na swichi ndogo pembeni. Upande mmoja ni vituo. Geuza upande wa pili, na leva inarudi kuwa ya msuguano kama zamani. Direila imepinda baada ya kuanguka? Umepata gurudumu lenye kaseti ya kampuni nyingine? Geuza swichi, endelea na safari, sikio lako lifanye kazi.

Sisi tunaita hiyo njia ya kurudi nyuma. Mfumo mzuri ukishindwa hauanguki chini kabisa. Hushuka ngazi moja, ukaendelea kutoa huduma kwa namna duni zaidi. Swichi ile ilifanya hivyo kwa senti chache za chuma.

Mwaka 1990 Shimano waliunganisha leva ya gia na ya breki kwenye usukani wa baiskeli za mashindano, wakaita STI. Ni kifaa kizuri sana. Mikono haiondoki kwenye breki. Lakini ndani yake hapakuwa na nafasi ya swichi. Kuanzia hapo, kwa wengi wetu, mkataba ukivunjika hakuna pa kukimbilia.

Miaka ya amani, na siku ya 2010

Hata hivyo kulikuwa na kipindi kirefu cha neema. Ukiondoa zile Dura-Ace, Shimano waliutunza uwiano wa karibu 1.7 kutoka gia 6 hadi 9 milimani, na hadi 10 barabarani. Leva ilibadilika, kaseti ikabadilika, lakini direila ya gia 9 ya mlimani iliweza kufanya kazi na leva ya 7, ya 8, ya 9, na hata ya 10 ya barabarani. Nani aliwaambia watu hivyo? Hasa ni Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts, Marekani, aliyeaga dunia Februari 2008. Kurasa zake bado zipo mtandaoni, zenye majedwali ya nani anaoana na nani. Alichokifanya ni kuandika nyaraka za mfumo ambao wenyewe hawakutaka kuuandikia. Kila aliyewahi kutumia API isiyo na maelezo anajua thamani ya mtu wa aina hiyo.

Wamarekani wa SRAM, kampuni iliyoanzishwa Chicago mwaka 1987, walichagua njia yao katikati ya miaka ya 1990: uwiano wa karibu 1 kwa 1, kebo ivutwe zaidi, ili uchafu na kutu kwenye kebo visilete kosa kubwa. Hoja yao ilikuwa na akili. Matokeo yake ni kwamba kukawa na lugha mbili.

Mwaka 2010 Shimano wenyewe wakaukubali ukweli huo. Walipoleta gia 10 za mlimani, kwa jina la Dyna-Sys, walishusha uwiano hadi karibu 1.2. Sasa chukua leva ya gia 10 ya barabarani, inayovuta 2.3, uiunge na direila ya gia 10 ya mlimani. 2.3 mara 1.2 ni 2.76. Inatakiwa 3.95. Kampuni moja, namba 10 kwenye vifaa vyote viwili, na haviwezi kufanya kazi pamoja. Mwaka 2015 ikaja Tiagra 4700, ya gia 10 ya barabarani, ikiwa na mvuto unaofanana na wa gia 11, hivyo haikuoana na gia 10 zilizoitangulia. Kumbe namba ya gia haikuwa toleo la mkataba hata siku moja. Ilikuwa tangazo la biashara.

Watu walijitetea. Wolf Tooth wa Minnesota walitengeneza RoadLink, kipande kidogo cha chuma kinachoishusha direila ili imudu sproketi kubwa kuliko kikomo chake, kisha Tanpan, kapi inayobadilisha mvuto wa leva ya barabarani uwe ule unaotakiwa na direila ya mlimani. Kwa lugha yetu, hizo ni adapta zinazokaa katikati ya mifumo miwili isiyosalimiana.

Kaseti yakua, direila yazaliwa upya

Mwaka 2012 SRAM walitoa XX1: gia moja tu mbele, kaseti ya 10-42 nyuma. Mwaka 2016 wakafika 10-50 kwa Eagle. Gia nzito kabisa ni mara tano ya nyepesi kabisa, kwa kaseti peke yake.

Fanya tena hesabu ya uwezo. 50 toa 10 ni 40, ongeza sufuri kwa mbele, jumla 40. Direila ya zamani yenye uwezo wa 45 ingetosha, sivyo? La. Mpaka wa kwanza unaikataa, maana kikomo chake ni sproketi ya meno 34 au 36, na mteremko wa msambamba wake hauendani na mlima huo mpya. SRAM waliurudisha msambamba kwenye mlalo na kuisogeza kapi ya juu nje ya mhimili, hivyo kapi hushuka yenyewe mkono unapozunguka. Direila hiyo inaijua kaseti pana na gia moja ya mbele. Kwa gia mbili za mbele haifai.

Kilima changu na hesabu yangu

Baiskeli yangu ni ya mtumba, mojawapo ya nyingi zinazouzwa Nairobi. Ilikuja na leva za gia 8 za Shimano, mbele 50 na 34, nyuma 11-28, na direila fupi ya barabarani. Nilitaka 11-34 kwa sababu ya vilima vya upande wa Ngong. Hesabu: 34 toa 11 ni 23, 50 toa 34 ni 16, jumla 39. Direila ya zamani haikumudu 39 wala sproketi ya 34. Ya gia 9 ya mlimani, yenye mkono mrefu, ina uwezo wa 45 na kikomo cha 34, na uwiano wake ni ule ule wa 1.7, kwa hiyo leva yangu ya 8 haijui kama kuna kilichobadilika. Fundi wangu aliitoa kwenye debe la vipuri vilivyotumika. Alihesabu meno kwa kidole, akaangalia urefu wa mkono, akasema, "Hii itashika, kijana." Imeshika.

Fundi huyo hana majedwali. Ana debe. Riziki yake inategemea kipuri cha baiskeli iliyokufa kuweza kuishi ndani ya nyingine. Mkataba ukiwa mmoja kwa miaka 20, debe lake ni ghala. Ukibadilishwa kila baada ya miaka mitano, ni takataka za chuma. Mwenye Black Mamba ya gia moja hana shida hizi. Karibu kila mnyororo wa baiskeli wa leo una hatua ya nusu inchi.

Sasa jibu linahamia wapi?

Mwaka 2015 SRAM walitoa eTap, gia zisizo na kebo. Leva inatuma ishara kwa redio, na mota ndani ya direila inasogea. Aliyejua nafasi ya sproketi alikuwa mkono, halafu akawa leva, na sasa ni programu iliyo ndani ya direila. Kiufundi tatizo letu lote lingeweza kuisha hapo: 3.95 au 4.35 ni namba tu kwenye jedwali, na kuibadilisha hakuhitaji chuma. Lakini namba hiyo iko mikononi mwa mwenye programu, na swichi ya msuguano haipo.

Upande wa kebo, mwaka 2023 Shimano walitangaza CUES. Humo kaseti za gia 9, 10 na 11 zina nafasi moja kati ya sproketi, na leva zina mvuto mmoja. Haioani na vifaa vyao vya zamani, lakini ndani ya familia hiyo vipuri vinaazimana. Imewachukua miaka karibu 40 tangu "tik" ya kwanza kuamua kwamba mkataba mmoja unafaa kutumika kwa zaidi ya namba moja ya gia.

Ninaandika programu zinazotumiwa na watu nisiowajua. Kila ninapobadilisha kiolesura ili kazi yangu iwe nyepesi, kuna mtu mahali fulani mwenye debe. Waliobuni vituo waliwarahisishia mamilioni, na siwalaumu kwa hilo. Ninachowadai ni swichi ile ndogo.

Kwa leo niishie hapo. Ukienda kununua kaseti, beba namba tatu: sproketi kubwa, jumla ya meno, na mvuto wa leva yako. Na kama una mseto ambao vitabu vinasema hauwezekani na wewe unaupanda kila siku, niandikie.